Kadi ya Mateka

 Wasikilizaji, leo nina neno na wake wa wanajeshi. Nakuru ni mji wa kambi. Lanet iko hapo tu ukishika njia ya Nairobi, na ukisonga mbele kidogo unakuta Gilgil, ambako sare za jeshi ni jambo la kila siku sokoni. Kwa hiyo najua neno hili lina wenyewe wengi. Mume akitekwa vitani, mke anajuaje? Na akishajua, wawili hao wanasemezana kwa njia gani?

Kilichonirudisha kwenye swali hili ni kisa cha mwezi wa Septemba, mwaka 2025. Jeshi la Ukraine lilitoa video ya Mkenya mmoja, mwanariadha, waliyemkamata akipigania Urusi. Alieleza kwamba alikwenda Urusi kama mgeni wa kawaida, akatia sahihi karatasi za lugha asiyoijua, akajikuta jeshini. Video ile ilizunguka kwenye simu zetu siku kadhaa. Wengine walimhurumia, wengine wakabishana kama anasema kweli, na wapo waliocheka. Mimi niliwafikiria wake na mama wa Wakenya wengine walioko katika vita vilevile, waliokaza macho kwenye simu wakitafuta kama nyuma yake kuna sura wanayoijua.

Bonde hili letu la Ufa lina historia ndefu ya mateka kuliko tunavyokumbuka. Aprili 6, 1941, majeshi ya Uingereza, askari wetu wa King's African Rifles (KAR) wakiwamo, yaliingia Addis Ababa. Mwezi uliofuata mtawala wa Italia huko, Amedeo, Duke wa Aosta, akajisalimisha Amba Alagi, na mwezi wa Novemba ngome ya mwisho, Gondar, ikaanguka. Waitaliano zaidi ya elfu hamsini wakaletwa Kenya wakiwa wafungwa wa vita. Kambi zao zilikuwa Naivasha, Gilgil, hapa Nakuru, Londiani, Nanyuki na kwingineko. Walipasua mawe, wakachimba mitaro, wakajenga. Ile barabara inayoteremka kutoka upande wa Limuru hadi Mai Mahiu ni jasho lao, na kile kikanisa kando yake, ambacho watu kumi na wawili wakiingia kimejaa, walikijenga mwaka 1942. Matatu za Narok na malori ya Naivasha hukipita mchana na usiku.

Sasa mchukue mwashi mmoja kati ya wale waliokuwa wakichonga mawe pale. Ana mke, tuseme katika kijiji cha kusini mwa Italia. Mke amesikia kwamba Ethiopia imeanguka. Hajui kama mumewe ameanguka nayo.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 ulikuwa umemfikiria mwanamke huyu. Ulisema kwamba mfungwa wa vita, kabla wiki moja haijaisha tangu afike kambini, apewe nafasi ya kuwaandikia jamaa zake kadi ya kuwaarifu kwamba ametekwa na kwamba afya yake iko hivi au vile. Barua za wafungwa zisilipiwe stempu, kwenda wala kurudi. Majina yao yapelekwe Geneva. Huko Msalaba Mwekundu ulikuwa na ofisi ambayo kazi yake yote ilikuwa makaratasi: mamilioni ya kadi zimepangwa kwa herufi, na wafanyakazi, wengi wao wa kujitolea na wengi wao wanawake, wakihangaika kujua Rossi huyu ni yupi kati ya akina Rossi wote wa Italia. Sina budi kuwasifu watu wale. Kazi ya karani haina shujaa wake wa sanamu, lakini kulikuwa na nyumba nyingi Ulaya zilizolala usingizi kwa sababu ya karani aliyesoma mwandiko mbaya vizuri.

Barua ya mwashi wetu haikutaja Naivasha. Anwani ilikuwa nambari yake ya ufungwa, nambari ya kambi, na maneno Afrika Mashariki, basi. Mkaguzi wa Kiingereza aliisoma kwanza na kufuta alichoona hakifai. Kisha ikafunga safari ndefu kupitia nchi zisizopigana, maana hakuna anayempelekea adui mfuko wa posta moja kwa moja. Ikifika Italia, mkaguzi wa serikali ya Mussolini naye akaisoma. Mke alikuwa msomaji wa tatu. Safari hiyo iliweza kula miezi, kwa hiyo mke alianza kuomba kwa ajili ya homa ambayo mumewe alishapona zamani, naye mume akajibu swali ambalo mke alikwisha kusahau kwamba aliliuliza. Na ikumbukwe kwamba mwaka 1943, Septemba, Italia ilitia sahihi ya kusalimu amri na kukatika vipande viwili, Wajerumani kaskazini, Waingereza na Wamarekani kusini. Mwenye mke Napoli na mwenye mke Milano walikuwa wakilala katika kibanda kimoja, lakini tangu wakati ule posta yao haikuwa moja tena.

Kuna na wale ambao wake zao hawakuwa Italia kabisa. Waitaliano wengi walikuwa wamehamia Ethiopia na familia zao wakidhani wamefika. Baada ya kushindwa, waume wakaletwa huku, wake na watoto wakabaki nyuma chini ya ulinzi, mpaka Uingereza na Italia zikakubaliana kuwarudisha kwao. Meli nne kubwa za abiria, Saturnia, Vulcania, Giulio Cesare na Caio Duilio, zikapakwa rangi nyeupe, zikatiwa misalaba myekundu, zikafanya safari tatu kati ya 1942 na 1943. Hazikupitia Suez. Ziliwapakia watu katika bandari kama Berbera, zikashuka Bahari ya Hindi na kuizunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Yaani mwanamke alipita baharini mkabala wa nchi hii, amekumbatia mtoto, na mumewe yuko huku bara anapasua kuni Londiani, wala hakuna kati yao aliyejua kwamba siku ile ndiyo walikuwa karibu kuliko watakavyokuwa kwa miaka mingine mitatu au minne. Wafungwa wengi hawakurudishwa kwao hadi mwaka 1946.

Yule Duke mwenyewe hakurudi. Alifia Nairobi Machi 3, 1942, akiwa mfungwa, akazikwa Nyeri, ambako amelala mpaka leo pamoja na askari wake. Mkewe, Anna wa Orléans, alikuwa Italia na binti zao wawili. Mwaka 1944 Wajerumani wakamchukua yeye na watoto na kuwafungia Austria hadi vita vilipokwisha. Vita havikubagua nyumba ya mfalme.

Redio nayo ilifanya kazi yake, na hapa natetea riziki yangu. Kuanzia 1940 hadi 1946 Redio Vatikani ilisoma hewani majina na ujumbe mfupi wa wafungwa na jamaa zao, zaidi ya ujumbe milioni moja. Waliokulia kwenye vipindi vya kadi za salamu, zile za "nikiwa hapa Elburgon nawasalimu wafuatao", watanielewa vizuri: jina, jina, jina, mtangazaji hachoki, na katika kila majina mia yuko mtu mmoja anayeruka kutoka kitini. Hata hapa kwetu matangazo ya kwanza ya redio kwa Waafrika yalianza wakati wa vita vilevile, ili jamaa za askari wapate habari za vijana wao waliokuwa mbali.

Maana askari wa KAR aliyemlinda Mwitaliano naye alikuwa na mke. Mara nyingi hakujua kuandika, akaandikiwa na karani au mwenzake aliyesoma misheni. Nyumbani, mke naye alisomewa na mwalimu, au mtoto wa jirani aliyefika darasa la tatu. Barua ya mapenzi yenye karani huku na mwalimu kule, jamani, utasema nini humo? Unauliza ng'ombe. Unauliza mvua. Unasema pesa nimetuma, mpe mzee kiasi fulani. Kama kuna la moyoni, unalificha ndani ya habari ya mbuzi, na mke akiwa mwerevu analitoa humo mwenyewe.

Msije mkadhani nawapigia debe Waingereza kwa huruma. Wala hao Waitaliano hawakuwa malaika. Walikuwa wameitia Ethiopia gesi ya sumu, wakaua watu ovyo Addis Ababa mwaka 1937, na Waethiopia waliowafungia Danane, Somalia, walikufa kwa wingi bila kadi wala jina Geneva. Mwitaliano wa Naivasha alipata stempu ya bure kwa sababu moja tu: aliyemteka alimtambua kuwa askari wa dola, na alijua kwamba dola hiyo nayo imewashika askari wake. Ukimnyima wangu barua, nitamnyima wako. Ilikuwa biashara ya nipe nikupe, na ilifanya kazi.

Ushahidi uko hapahapa. Miaka kumi baadaye, Oktoba 20, 1952, serikali ileile ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Wapiganaji wa msituni walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru, wana majenerali, wana vyeo. Waruhiu Itote, Jenerali China, alikuwa koplo wa KAR huko Burma. Angetekwa na Wajapani mwaka 1944, Uingereza ingemdai kama mfungwa wa vita mwenye haki zote. Alipotekwa na Waingereza Januari 1954, aliitwa gaidi na kuhukumiwa kunyongwa, ingawa hukumu hiyo haikutekelezwa, akapelekwa Lokitaung. Mtu ni yuleyule, risasi zilifundishwa na mwalimu yuleyule.

Wakati huohuo familia za Wakikuyu zilikuwa zikisombwa kutoka mashamba ya walowezi ya bonde hili, wanaume wakipelekwa huku na wake huku. J. M. Kariuki, mzaliwa wa Kabati-ini, alikamatwa hapa mjini Nakuru Oktoba 1953, na alikaa vizuizini miaka saba. Barua alizotaka zifike Uingereza kueleza yanayotendeka kambini zilitoka kwa magendo, na aliyebainika na barua ya magendo alilipa kwa mgongo wake. Mwandishi Gakaara wa Wanjau, ambaye alilitumikia jeshi la Waingereza katika vita vya Hitler, alichukuliwa usiku wa kwanza wa hali ya hatari, na baadaye mkewe, Shifra Wairire, naye akatiwa kizuizini. Hapo barua ya mume kwa mke inatoka kambi moja na kuingia kambi nyingine. Shajara aliyoiandika huko kwa siri ilitoka kama kitabu mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Wake wengine wengi hawakuwa na waume waandishi.

Nikiruka hadi miaka yetu, kuna jina ambalo nikilitaja katika mtaa wowote wa wanajeshi watu hunyamaza: El Adde. Januari 15, 2016, Al-Shabaab waliivamia kambi hiyo ya jeshi letu, KDF, nchini Somalia. Wengi wa wanajeshi waliokuwapo walikuwa wa kikosi cha 9 Kenya Rifles, ambacho makao yake ni Eldoret. Al-Shabaab wakatangaza kwamba wana mateka. Serikali haikutoa hesabu kamili ya waliouawa. Al-Shabaab si dola, hawana ofisi ya kupeleka majina Geneva, na hata kifungu cha tatu cha Mikataba ya Geneva, kinachotaka aliyetekwa atendewe utu hata katika vita visivyo vya dola kwa dola, kwao ni karatasi. Basi mke ambaye mwili haukurudi na barua haikuja anabaki si mjane, si mwenye mume. Sheria yetu ya Ushahidi inasema mtu asiposikika kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangemsikia, anaweza kuhesabiwa amekufa. Kwa El Adde miaka hiyo ilitimia Januari 2023. Sheria inaweza kukadiria kifo. Haiwezi kumwambia mtoto baba yuko wapi.

Nasema hayo ili turudi kwa Ukraine tukiwa na macho mapya. Vita vile ni vya dola kwa dola, na Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949 unavihusu moja kwa moja. Kenya ilijiunga na mikataba hiyo mwaka 1966. Mkataba huo una kielelezo cha kadi ya mateka, na ningependa niisome taratibu, maana ni mojawapo ya karatasi zenye akili zaidi zilizowahi kuchapishwa. Inauliza dola anayoitumikia. Jina la ukoo, majina mengine, jina la baba. Tarehe na mahali pa kuzaliwa. Cheo, nambari ya jeshi. Anwani ya jamaa. Tarehe ya kutekwa. Kisha kuna mstari wa hali: mzima, hakujeruhiwa, amepona, mgonjwa, ana jeraha dogo, ana jeraha baya, unafuta yasiyokuhusu. Mwisho sahihi yako. Na chini kabisa kuna agizo: usiongeze neno lolote.

Agizo hilo linaonekana la kikatili. Mume ametekwa, na hawezi kuandika hata "nakupenda". Lakini nadhani walioliweka walijua walichokuwa wakifanya. Kadi isiyo na maneno haihitaji mkaguzi, kwa hiyo haicheleweshwi. Na kadi isiyo na maneno haiwezi kuwa propaganda. Hakuna awezaye kumlazimisha mateka aseme kwenye kadi ile kwamba vita vya kwao ni vya dhuluma, au kwamba anatendewa vyema kuliko alivyostahili. Inasema yuko hai, alitekwa siku fulani, ana jeraha dogo. Maneno mengi yana njia yake: baada ya hapo mkataba unampa haki ya barua zisizopungua mbili na kadi nne kwa mwezi.

Video ni kinyume cha hayo yote. Ndani ya video mateka anatumia mdomo wake kusema, lakini kamera ni ya aliyemteka, maswali ni ya aliyemteka, na saa ya kuitoa ni ya aliyemteka. Kifungu cha 13 cha mkataba huohuo kinataka mateka alindwe asifanywe tamasha la watu. Wapo watakaoniambia: lakini bila video tusingejua kijana wetu yuko hai! Kweli. Na mwenye kiu hachagui kikombe. Lakini tusikubali kwamba ndiyo njia. Simlaumu mke anayeitazama mara hamsini. Nawalaumu wanaomfanya aitegemee.

Tatizo la Mkenya aliye katika sare za Urusi liko kwenye ule mstari wa kwanza wa kadi: dola anayoitumikia. Hapo ataandika Urusi. Maana yake ni kwamba orodha ya majina, ikishafika Geneva, dola ya kuarifiwa ni Urusi, na njia ya Moscow kuja Molo ni ndefu kuliko ya Naivasha kwenda Napoli mwaka 1942. Ile nipe nikupe ya zamani haipo pia: Nairobi haina mateka wa Ukraine wa kubadilishana. Na juu ya hayo kuna woga. Kanuni yetu ya Adhabu inamkataza Mkenya kuingia jeshi la nchi inayopigana na nchi rafiki bila idhini ya Rais. Kwa hiyo mke anaogopa kwenda kituoni kusema mume wangu yuko wapi, asije akawa amemchongea. Serikali yenyewe ilisema Novemba 2025 kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda wameingia katika vita hivyo upande wa Urusi. Hao wana wake na mama zao, na wengi wamejifungia na simu zisizoita.

Kwao nina habari ya kutumia leo hii. Msalaba Mwekundu wa Kenya una huduma ya kuwatafuta jamaa waliopoteana. Ndiyo ileile iliyounganisha watoto na wazazi hapa Nakuru mwaka 2008, uwanja wa maonyesho ulipojaa wakimbizi wa ndani. Huduma hiyo hailipiwi. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu nayo ilianzisha ofisi maalumu ya mateka na waliopotea katika vita vya Ukraine mwezi wa Machi 2022. Nenda na majina yake yote kama yalivyo kwenye pasipoti, maana herufi moja ikikosewa kwa Kirusi anakuwa mtu mwingine. Nenda na jina la baba yake, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya pasipoti, siku mliyoongea mara ya mwisho na mahali alipokuambia yuko. Kama alikutumia picha ya beji au nambari ya kikosi, usiifute kwenye simu.

Na wizara inayohusika isingoje wake hawa wafike. Mawakala waliowasafirisha vijana kwenda Urusi walikuwa na ofisi, na pasipoti za wasafiri zilipigwa mihuri uwanja wa ndege. Majina yapo. Yapelekwe Geneva wiki hii, na kwa barua ya serikali isemwe wazi kwamba mke anayeripoti mumewe kapotea hatahojiwa kuhusu kosa la mumewe. Tunakwenda kwenye habari za saa moja. Laini za simu ziko wazi baada ya hapo.